Paka wa Ghorofa ya Tisa

Jumapili, 19 Oktoba

Kucha kwenye kioo cha roshani. Mara moja tu, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Sauti hiyo imekaa sikioni tangu saa nne asubuhi na bado ipo. Nilikuwa napanga vidonge vya mgonjwa wangu, Bi Morag, kwenye kisanduku chake cha siku saba. Nilipogeuka, roshani ilikuwa tupu. Tuko ghorofa ya tisa.

Bi Morag alikuwa macho. Hakushtuka. Alisema, "Amefika, basi," kisha akafumba macho, kama mtu aliyeambiwa teksi iko chini inamsubiri.

Kwenye fomu nimeandika mapigo ya moyo, presha, oksijeni, vijiko sita vya uji. Waskoti huutia uji chumvi. Sauti sikuiandika. Fomu haina mahali pake.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo Bi Morag alikuwa na pumzi kidogo, akaitumia yote kunieleza ni nani aliyekwaruza kioo.

Kwao ni kisiwani, huko Uskoti. Watu wa kwao wanamjua paka mmoja ambaye si paka. Wanamwita Cat Sìth. Yeye hutamka "kat shii", kwa sauti ya chini. Mkubwa kama mbwa. Mweusi kote, ila doa jeupe kifuani. Hana haja na panya, anataka roho. Mtu akifa, roho yake haiondoki hapo hapo. Inakaa karibu na mwili mpaka mazishi. Paka huyo akipita juu ya maiti kabla hajazikwa, ameichukua. Kwa hiyo maiti haachwi peke yake. Watu hukaa naye, wanaimba, wanapigana mieleka, wanategeana vitendawili, maana paka huyo hawezi kusikia kitendawili asisimame kukifikiria. Na moto hauwashwi ndani ya nyumba, hata iwe baridi ya namna gani. Joto humvuta.

Nilimsikiliza kwa ule uso tuliofundishwa chuoni, uso wa kumheshimu mgonjwa. Moyoni nilicheka. Nina digrii ya uuguzi. Bibi yangu huko Machakos ana hadithi kumi za namna hii na zote nilishazikataa nikiwa kidato cha pili.

Kisha akasema huyu wa kwenye kioo ana doa kifuani. Kitanda chake kinatazama ukutani. Hawezi kuiona roshani akiwa amelala. Nilimuuliza amejuaje. Alinitazama kwa huruma, mimi niliyelipwa kumhurumia yeye.

Sikupenda.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimemwona.

Saa tisa alasiri, juani, amekaa juu ya ukuta wa roshani kana kwamba chini yake hakuna ghorofa tisa za hewa. Mweusi. Mkubwa kuliko paka yeyote niliyewahi kumwona. Doa kifuani, dogo, kama kitambaa cha mfukoni. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kitanda. Niliinama kuokota taulo, nilipoinuka hayupo.

Jioni nilimuuliza Wasswa, mlinzi wa jengo la Bi Morag, mtaa wa Pearl hapa Doha, kama kuna paka anayefugwa ghorofa ya tisa. Ni Mganda, mpole, ana kumbukumbu ya kila mpangaji. Alipitia orodha yake. Hakuna. Akasema, "Sista, hapa Pearl paka akitaka kupanda lazima aandikishe jina kwangu. Na lifti atabonyezaje?" Akacheka peke yake mpaka gari la kampuni iliyotuajiri likaja kutuchukua.

Chumbani, kwenye makazi ya kampuni, nilimwambia Halima. Yeye anatandika vitanda katika hoteli moja West Bay na haamini kwamba kuna kazi ngumu kuliko hiyo. "Shoga, nesi mzima unaogopa paka? Paka ni kiumbe safi, hata msikitini anaingia. Tena huyo ana bahati, anakaa Pearl bure na sisi tunalala wanne chumba kimoja." Wenzetu wawili walicheka. Nilicheka nao.

Nilikuwa naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuandika. Mimi, Mumbua, mwanamke wa miaka ishirini na saba, naogopa paka.

Ijumaa, 31 Oktoba

Ibada asubuhi, maana hapa kanisani tunakwenda Ijumaa, kazini saa sita mchana.

Bi Morag alikuwa akinisubiri. Leo, kwa kalenda ya watu wa kale wa kwao, mwaka unageuka. Siku hii huwekwa kisahani cha maziwa nje ya mlango kwa ajili ya paka. Nyumba iliyomwekea hubarikiwa. Isiyomwekea, ng'ombe wake hukauka maziwa. Alitabasamu aliposema habari ya ng'ombe. Lakini mkono ulionishika ulikuwa baridi na haukutabasamu. Aliomba nimwekee kabla sijatoka. Nilisema ndiyo.

Saa kumi na mbili na nusu nilimimina maziwa kwenye kisahani. Nikasimama nacho jikoni. Nilisikia sauti ya mchungaji wa asubuhi, kwamba ukilisha kitu umekikaribisha. Sijui kama ni imani au woga. Nadhani woga uliazima nguo za imani.

Nilimwaga maziwa kwenye sinki. Kisahani nikakiweka nje, kikiwa kitupu.

Jumamosi, 1 Novemba

Aliuliza kabla hata sijavua viatu.

Nilimwambia kisahani ni kitupu. Kweli kilikuwa kitupu.

Alilia kidogo kwa furaha. Alisema, "Basi hana kinyongo nasi, binti." Mchana alikula bakuli zima. Mwanawe, Iain, alipotoka kazini Lusail nilimwonyesha bakuli. Ni mhandisi, mtu wa maneno machache, anasimama mlangoni kwa mama yake kama mgeni. Aliniambia tangu nije mama yake amekuwa na amani.

Sikulala vizuri. Uongo huo ulimsaidia mgonjwa, fomu yangu inaweza kuthibitisha. Bado naona haya.

Alhamisi, 6 Novemba

Moyo wake unachoka. Daktari alikuja, akasikiliza, akamuuliza tena kuhusu hospitali. Akakataa tena. Iain akatia saini karatasi kwamba atabaki nyumbani.

Mchana tulitegeana vitendawili. Nilimfundisha kuitikia "tega" na analitamka vizuri kuliko wafanyakazi wenzangu wengi. Nikamtegea: nyumba yangu haina mlango. Akafikiri muda mrefu, mashine ya oksijeni ikivuma. Akajibu, "Jeneza." Jibu ni yai. Nilimwambia amepata.

Kisha akaniomba. Alisema kwamba Iain ni mwana mwema lakini atakuwa kazini, na kwamba vitu hivi hupenda kutokea mchana watu wakiwa kazini. Siku hiyo nikae naye. Nisiondoke chumbani mpaka waje kumchukua. Nitege vitendawili kwa sauti, hata kwa Kiswahili, paka atalazimika kufikiri zaidi. Nisiwashe moto.

"Niahidi," alisema. "Si kama nesi."

Niliahidi. Niliweka mkono wangu juu ya wake, nikataja jina langu la ubatizo na la nyumbani. Hakuna aliyenilazimisha kutaja yote mawili.

Jumanne, 11 Novemba

Bi Morag amefariki leo saa nane na dakika kumi mchana. Kwa utulivu. Nilikaa naye mpaka mwisho na baada ya mwisho.

Nimechoka.

Jumatano, 12 Novemba

Nimedanganya hata humu. Daftari hili hakuna anayelisoma, nimeliandikia uongo kwa mwandiko mzuri.

Naandika upya.

Saa saba alikosa pumzi. Aliomba hewa. Nilifungua mlango wa roshani upana wa kiganja. Hewa sasa ni nzuri, joto limepungua. Nilimshika mkono. Hilo ni kweli, nilimshika mkono mpaka mwisho. Pumzi moja, kimya, pumzi nyingine, kimya kirefu. Nikatazama saa. Nikapiga simu ya dharura. Nikampigia Iain. Akasema anatoka Lusail sasa hivi, akauliza kama niko naye. Nikasema niko naye.

Kisha niliinua macho.

Alikuwa upande wa pili wa kioo. Amekaa wima, mkia umezunguka miguu. Alikuwa anamtazama Bi Morag usoni, kwa subira, kama mtu aliye kwenye foleni na zamu yake imekaribia.

Kutoka kwenye kiti hadi mlango wa roshani ni hatua nne. Nimezihesabu. Ningeenda, ningeusukuma mlango, ungefungika. Ningerudi nikae. Ningesema, kitendawili. Sauti yangu ingetetemeka, lakini ingetoka.

Nilitoka chumbani. Nilitembea, sikukimbia, sijui kwa nini hilo naliona baya zaidi. Nikafunga mlango wa chumba nyuma yangu. Ule wa roshani ukabaki wazi.

Nilisimama jikoni. Mikono ilitaka kazi. Kwetu mtu akifa, jambo la kwanza wanawake hufanya ni kuwasha moto na kuinjika sufuria kubwa, maana watu watakuja na hawawezi kukaa na msiba wakiwa na koo kavu. Sikufikiri. Nilitafuta sufuria kubwa kuliko zote, nikatia maji, maziwa, majani, tangawizi. Nikawasha jiko. Nilipika chai ya watu ishirini katika nyumba ambayo hakuna mtu angekuja kukaa.

Moto. Yeye aliniambia moto.

Nilikumbuka chai ilipokwisha chemka. Sikuzima. Nilijimiminia kikombe, vijiko viwili vya sukari, nikanywa nimeegemea friji. Ilikuwa tamu. Nimeandaa maiti wengi hospitalini, nimewafumba macho na kuwanyoosha viungo nikiwaongelesha kwa upole. Huyu niliyemwahidi kwa majina yangu yote nilimwacha kinywa wazi, nikaenda kunywa chai.

Wasswa alipiga simu ya jengo kwamba gari la wagonjwa limefika. Ilikuwa imepita karibu saa nzima.

Nilifungua mlango. Paka alikuwa kitandani. Upande wa ukutani. Ili kufika upande huo ukitokea roshani ni lazima upite juu ya mwili, au uzunguke miguuni. Sijui alipitia wapi. Sitajua kamwe. Aliniangalia kwa mara ya kwanza, akaruka chini, akatoka bila haraka.

Shuka lilikuwa na bonde pale alipolala. Niliweka kiganja. Lilikuwa na joto.

Nililinyoosha. Nikamfumba Bi Morag macho. Nikasogeza kiti karibu zaidi na kitanda na kukigeuza kumwelekea, kionekane kimekaliwa. Sufuria nikaificha chini ya sinki, ikiwa bado ya moto, nikaungua kidole. Yote hayo kwa dakika tatu. Kwa uongo nina mikono mepesi.

Iain aliingia pamoja na wahudumu. Alitazama mama yake, kisha akatazama kiti.

"Ulikaa naye?"

"Nilikaa naye."

Alinishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito, na wa shukrani, na mimi niliuacha ukae pale.

Jioni alimpigia dada yake, Catriona, aliyebaki kisiwani. Akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Akamwambia mama hakuachwa peke yake hata dakika moja. Yule dada aliuliza swali moja, kwangu: kuliwashwa moto? Nikasema hapana.

Alilia, akaniombea baraka kwa lugha nisiyoijua.

Ijumaa, 14 Novemba

Kanisani niliimba mapambio yote. Sikusikia hata moja.

Mama wa ofisini, kwenye kampuni yetu, amenieleza hali yangu. Mgonjwa akifariki, mkataba wa nyumba ile umekwisha. Nina wiki mbili kukaa makazi ya kampuni nikisubiri nyumba nyingine. Isipopatikana, tiketi ya Nairobi. Barua ya sifa kutoka kwa familia ingesaidia sana.

Alasiri barua ikaja kwenye simu, bila kuombwa. Iain ameandika ukurasa mzima. Ameandika kwamba nililinda mila za mama yake ambazo si zangu. Kwamba nilikaa saa nzima na maiti nikimtegea vitendawili, kama nilivyoahidi; kumbe mama yake alimwambia ahadi ile. Kwamba kuna familia moja hapo hapo Pearl, rafiki zake, wanatafuta nesi wa baba yao, na wameshasoma barua hii.

Nimeisoma mara nne. Ni barua nzuri ya mtu mwingine.

Jumatatu, 17 Novemba

Iain amepiga. Karatasi zimekamilika, mwili unaondoka keshokutwa usiku. Mazishi Jumamosi.

Alikuwa na jambo la kuomba. Kwa kawaida, kwao, jeneza lingelala nyumbani usiku mmoja na kijiji kingekaa nalo. Lakini Catriona ameona hakuna haja. Mkesha ulishafanyika Doha, ulifanywa vizuri, na watu wa kijiji ni wazee na baridi imeanza. Watamtoa kwenye feri moja kwa moja hadi makaburini. Je, ningekubali kuzungumza nao kwa video dakika mbili? Wazee wangependa kumwona msichana wa Afrika aliyemlinda Morag wao.

Nikasema nitafikiri. Akasema, "Bila shaka, Mumbua. Chukua muda wako."

Mpaka leo uongo wangu ulikuwa wangu. Niliubeba kama mtu anavyobeba ugonjwa wake. Sasa umekwenda mbele yangu mpaka kisiwani na kufanya kazi huko. Umewaambia watu walale.

Mwanamke yule aliniomba saa moja. Nilimnyima. Na sasa namnyima usiku mzima.

Jumanne, 18 Novemba

Nilimwambia Halima. Yote. Tulikuwa tunakunja nguo. Nilitegemea mzaha, nilikuwa hata nimeandaa uso wa kuupokea.

Hakutania. Alisema kwao pia maiti haachwi peke yake. Mtu hukaa, anasoma. Akauliza kwa nini sikukaa.

Nikasema niliogopa.

Akakunja kanga mbili. Kisha, "Na sasa unaogopa nini?"

Nilitaka kusema tiketi. Nikaona si tiketi. Ni ule mkono begani. Nataka ubaki na shukrani yake.

Nimeaibika kuliko Jumanne ile.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilimpigia Iain jana saa mbili asubuhi, kabla ndege haijaondoka, nikiwa nimekaa ngazini nje ya makazi kwa sababu chumbani wenzangu walikuwa wamelala baada ya zamu ya usiku. Nilianza na maziwa. Kisha mlango, hatua nne, jiko, sufuria. Paka kitandani, shuka. Kiti nilichokigeuza. Nilimwambia sikutega hata kitendawili kimoja. Nilisema samahani mara moja tu, mwishoni, ili isije ikafunika mengine.

Nilisikia mtu akimwita jina kazini naye haitiki.

Kisha akauliza, "Hiyo chai. Uliinywa?"

"Ndiyo. Kikombe kizima."

Akasema lazima ampigie dada yake. Akakata.

Usiku ukaja ujumbe mmoja. Mazishi yamesogezwa hadi Jumatatu. Jeneza litalala nyumbani siku mbili, madirisha yamefungwa, moto hauwashwi. Watu kumi na wanne wamekubali kukaa kwa zamu, mmoja wao ana miaka tisini. Hakuna neno jingine. Hakuniita jina. Habari ya video haikutajwa.

Nilisoma, nikaweka simu chini, nikalala mpaka alfajiri. Sikustahili usingizi ule lakini ulikuja.

Barua ya sifa niliifuta jana kabla sijapiga, na ile familia ya Pearl niliiandikia wasinisubiri. Leo asubuhi mama wa ofisini ameniuliza barua yangu iko wapi. Nimemwambia sina.